Nilipomnyamazisha Mtunza Farasi

Binti yangu alikuwa na miaka minane, na kwa mwaka mzima alinichosha kwa neno moja: farasi. Mimi ni fundi cherehani wa mtaa wa Biryogo, mjini Kigali. Farasi nilikuwa nawaona kwenye simu tu. Lakini Mlima Kigali si mbali, na huko juu msituni wanapandisha watu farasi. Jumamosi moja kelele zake zikanishinda, nikampeleka.

Mtunza farasi alikuwa mwanamume mdogo kwangu kidogo, kutoka upande wa Goma, mpole, mdomo haufungi. Alimpandisha mtoto juu ya farasi jike wa kahawia, akashika kamba, nami nikafuata kwa miguu. Njia yenyewe ni nyembamba, inapita katikati ya mikaratusi, na ni ya wote: wapanda farasi, watembea kwa miguu, wanaokuja kufunga na kusali. Kila tulipokutana na mtu, yule bwana alipaza sauti, "Mwaramutse! Habari yenu!" na hakuridhika mpaka ajibiwe. Nikamwona ana kiherehere.

"Lazima waongee, mzee," aliniambia. "Farasi ikisikia sauti, inajua ni watu. Ikiona kitu imenyamaza, inaogopa."

Kwenye kona moja tukawaona akina mama wamepiga magoti kati ya miti, vitenge vimewafunika hadi usoni, kimya kabisa. Mtunza farasi akavuta pumzi aite. Nikamshika bega. Nililelewa Bujumbura na mama Mkatoliki ambaye angekuzaba kofi ukikohoa watu wakisali.

"Acha," nikamnong'oneza. "Wako na Mungu."

Alinitazama, akataka kusema, kisha akameza maneno yake, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mkubwa na ndiye mgeni wake.

Tulipowafikia, mama mmoja akainuka taratibu, bila neno, ili atupishe. Nadhani naye alikuwa na adabu kama yangu. Farasi akaona kitambaa kinasimama kutoka ardhini. Akaruka pembeni, kamba ikachomoka na ngozi ya kiganja cha yule bwana, na binti yangu akapotelea mteremkoni akiniita.

Nilikimbia na viatu vyangu vya kanisani, nikaanguka mara mbili. Chini nikakutana na mtu na mkewe, wana fimbo za kutembelea.

"Mmeona farasi?"

"Amepita hapa sasa hivi, mbio."

"Na mtoto?"

Wakatazamana. "Hakuwa na mtoto."

Nikaanza kupanda tena kwa mikono na magoti, nikifukua kila kichaka. Niliita mpaka sauti ikakwaruza. Nilimwambia Mungu achukue macho yangu, achukue cherehani, nitaomba barabarani. Kisha nikamtukana. Kisha nikaogopa kwamba amesikia, nikaomba radhi huku natambaa. Kichwani nilikuwa nimeshaanza kufikiria nitamzika wapi, na nikakichukia kichwa changu.

Akina mama waliacha sala, wakajipanga mstari mmoja kushuka mlima, wanaita. Wao ndio waliomwona, ndani ya mtaro wa kuzuia mmomonyoko, nusu amefunikwa na majani, mkono umepinda mahali pasipo na kiungo. Alikuwa hai. Nikakaa chini kwenye matope.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wahenga walisema. Mkuu mwenyewe akikataa kusikia, hawakusema atavunjika nani.

Yule mama aliyeinuka ndiye aliyemfunga mtoto mkono kwa kitenge chake. Alikuwa analia. "Ni mimi. Ni mimi nimeogopesha mnyama."

"Hapana, mama," akasema mtunza farasi, kiganja kinamvuja damu. "Ni mimi. Sikuita."

Wakanigeukia wote wawili, kama wanaosubiri hukumu. Binti yangu naye, aliyekuwa juu ya farasi nilipomnyamazisha yule bwana na kusikia kila kitu, alinitazama. Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema. Badala yake nikainama, nikamwinua binti yangu.

"Twende hospitali," nikasema.