Mama Barafu arudishwa kwenye baridi yake

Saa nne asubuhi. Nje ya ghala la mboga wapakiaji wanajipepea kwa vipande vya maboksi. Mama Barafu anafunga zipu ya koti zito mpaka kidevuni, anavuta mlango mnene wa chumba cha baridi, anazifuata karoti anazozichambua humo.

"Mkinitafuta, niko kwangu," anawaambia wenzake.

Watu humshangaa, lakini baridi ndiyo inayomsimamisha. Miaka sita sasa anaishi na multiple sclerosis, ugonjwa ambapo kinga ya mwili inageuka na kushambulia mishipa ya fahamu. Joto likimpata, miguu inalegea na macho yanaingia ukungu. Akipoa, mambo yanatulia.

Mwaka huu kipimo kikaonyesha vitamini D yake iko chini mno. Mwili huitengeneza kwa msaada wa jua, na yeye jua hupishana nalo tu.

Msimamizi wake aliposikia, kwa roho safi kabisa, akamhamishia uwanjani kupokea malori.

"Nilisema nimpe jua la bure," anasema msimamizi, akijikuna kisogo. "Kumbe namkaanga."

Haikupita wiki, Mama Barafu akaanguka katikati ya malori mawili. Minong'ono ikaanza: apumzishwe nyumbani moja kwa moja. Mume wake ni fundi rangi, kazi yake leo ipo kesho haipo. Mshahara wa karoti ndio unaosomesha watoto.

"Wifi yangu akaniambia, 'Ndani unaumwa, nje unaumwa, sasa tukuweke wapi, mlangoni?' Nilicheka huku nalia," anasimulia Mama Barafu.

Akampigia daktari wake akiwa ofisini kwa msimamizi, akaweka spika.

"Nani kakwambia uhamie juani?" daktari akauliza. "Nimekuandikia vidonge, mama. Meza."

Daktari anaeleza kuwa wagonjwa wengi wa aina hii hukutwa na vitamini D kidogo, lakini bado haijathibitika kuwa kuiongeza kunazuia ugonjwa. "Hivyo vidonge ni vya upungufu, vinalinda mifupa. Dawa zake za ugonjwa ziko palepale."

Kesho yake akarudi kwenye karoti.

Mwezi ujao atapimwa tena. Anataka afanye kazi mpaka kitindamimba amalize shule, na ameomba stuli ya kupumzikia miguu ikichoka.

"Tuiweke wapi?" msimamizi anauliza.

"Mlangoni," anajibu. "Kwa ndani."