Mama Mchungaji na Vidonge vya Asubuhi

Mtaani kwao walimwita Mama Mchungaji, na ana miaka kumi na sita tu, hana mume, hana kanisa, hata kitanda analala kimoja na mdogo wake. Jina lilianza kama utani wa baba yake, fundi viatu, aliyechoka kukodolea macho chakula kinachopoa huku binti akiombea sahani moja baada ya nyingine. "Mama Mchungaji, mbinguni wameshasikia, sisi tuna njaa!" Utani ukakolea. Shangazi mwenye maumivu ya mgongo akadai kuwa akiombewa na huyu mtoto hulala usingizi mzuri, na majirani wakaanza kumwita kila mwenye homa. Mtu akisifiwa hivyo tangu utotoni, kichwa lazima kivimbe kidogo. Chake kilivimba, tusidanganyane.

Kwa hiyo kanisa lilipotafuta vijana wa kwenda kufunzwa uongozi kwenye kambi ya watoto wakati wa likizo, hakuna aliyejisumbua kuuliza nani aende. Kambi ilikuwa katika shule ya bweni iliyofungwa. Asubuhi vijana walikaa darasani kujifunza namna ya kumtuliza mtoto anayekumbuka kwao na namna ya kupanga zamu za kufagia bila ugomvi. Mchana kila mmoja alibaki na kundi lake la watoto. Mwisho wa kambi mwalimu angemchagua mmoja wao awe kiongozi wa vijana wote. Mama yake Mama Mchungaji alikuwa ameshawaambia majirani kuwa atakayechaguliwa ni binti yake, na wala hakusema "labda".

Katika kundi lake alikuwemo msichana mdogo waliyempa jina la Kasuku, kwa sababu aliongea hata akipiga mswaki. Kasuku alikuwa na kifafa. Kila asubuhi nesi wa kambi alimpa vidonge vyake, na mama yake aliruhusu aogelee, mradi awe amemeza dawa na mtu mzima awe naye majini.

Jioni moja, katika ibada, Kasuku alikwenda mbele kuombewa, akamtaka dada wa kundi lake. Mama Mchungaji akamwekea mkono kichwani. Angeweza kuomba kama anavyoomba kila mtu, Bwana msaidie mtoto huyu, akanyamaza. Lakini ukumbi mzima ulikuwa unaitikia amina, kinanda kinapanda, na mwalimu wa kambi alikuwa amefumbua macho kumtazama yeye. Raha ilioje! "Umepona!" alipaza sauti. "Tangu leo umepona!" Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Baadaye mwalimu akamshika bega, akamwambia, "Una karama, binti yangu." Usiku ule alilala akijiona ameshachaguliwa.

Siku chache baadaye walikuwa kwenye foleni kando ya bwawa la kuogelea. Mwalimu wa kuogelea alisimama majini, anawaita watoto mmoja mmoja waruke, anawadaka.

"Dada," Kasuku akamnong'oneza, "nikwambie kitu? Lakini usimwambie mtu."

"Niambie."

"Vile vidonge simezi tena. Naviweka shavuni, nesi akigeuka natema. Si nimepona? Mama akija kunichukua nitamwambia, atafurahi huyo!"

Mama Mchungaji akatazama foleni. Mbele ya Kasuku walibaki watoto wawili. Akasema wazo la kwanza lililomjia, na lilikuwa wazo la mtu anayetaka kujiokoa mwenyewe.

"Leo huogelei. Una mafua."

"Mimi? Sina mafua!"

"Kuna nini hapo?" akauliza mwalimu wa kambi kutoka upande wa pili.

"Ana mafua, mwalimu."

"Nesi amemwangalia asubuhi hii hii, hana neno. Mwache mtoto afurahi."

Sasa ilikuwa zamu yake. Kasuku akasogea ukingoni, vidole vya miguu vikaning'inia juu ya maji, na mwalimu wa kuogelea akafungua mikono. "Haya, ruka!" Mama Mchungaji akamwona mawazoni mama yake akiulizwa na majirani imekuwaje. Aliwaza, labda ataogelea tu, atatoka salama, dawa nitampa baadaye kimyakimya. Aliwaza hivyo kweli, na alijiogopa.

Akamdaka mkono, akamvuta kwa nguvu hata mtoto akaanguka matako kwenye saruji. "Hajameza dawa! Anazitema!"

Kasuku akaangua kilio. Kila mtu akageuka.

"Nani alimwambia ateme dawa?" mwalimu wa kambi akauliza.

"Hakuna. Lakini mimi nilimwambia amepona."

"Na wewe nani alikwambia?"

Mwalimu hakusubiri jibu. Alimbeba mtoto, akaelekea chumba cha nesi.

Nesi alimpigia daktari, naye akasema dawa zirudiwe mara moja na mtoto asiachwe peke yake hata kidogo. Maneno ni rahisi. Kasuku alikuwa amekaa kitandani, meno ameyabana, na kila kidonge kilipokaribia aligeuza shingo. Nesi akabembeleza, akakaripia, akachoka. Mwishowe akampigia mama mtu, akaeleza yote, kisha akamnyooshea Mama Mchungaji simu.

"Ni wewe uliyemwambia amepona?" sauti ikauliza.

"Ni mimi, mama. Nisamehe."

"Mimi pia niliwahi kumwambia hivyo. Nilichoka, mwanangu, nikasema kwa imani. Akaangukia jiko la moto. Tangu siku hiyo nikisema jambo la dawa ananiangalia tu, haniamini. Anakuamini wewe. Mwambie."

Mama Mchungaji akarudisha simu. Akapiga magoti kando ya kitanda, macho yake na ya mtoto yakakutana. Afadhali angetukanwa mbele ya kambi nzima.

"Kasuku, Mungu hakuniambia kwamba umepona."

"Ulisema."

"Nilisema mwenyewe. Watu walikuwa wananitazama, nikapenda. Ugonjwa wako bado upo. Usipomeza utaanguka."

Mtoto alimkazia macho. "Mama alidanganya, na wewe umedanganya. Sasa nani anasema kweli?"

Alitamani kusema "mimi". Neno lilimfika ulimini kabisa.

"Nesi," akasema.

Kasuku akanyoosha mkono kwa nesi, akapokea kidonge, akameza na maji, akajilaza akigeukia ukuta. Tangu hapo alimeza kila asubuhi bila kusukumwa, na licha ya maneno yake mengi yote, hakumwita tena dada mpaka kambi ilipovunjwa.