Swala wa Mbaluka Aliyeanza Akiwa Twiga

Wajukuu, mmenichosha na "susu andika, susu andika." Shule niliiachia darasa la tatu, na kalamu inaniuma vidole kuliko jembe. Lakini nimesikia Mbaluka amefanywa mchezo kwenye simu, watu wa mbali wanamcheka na hawajui mwenyewe analia wapi. Basi nitaandika, kwa sababu ni shemeji yangu, na nikimaliza mtaninyamazia.

Mbaluka ni mchongaji. Alizaliwa upande wa Mwingi, akafunzwa tezo na mjomba wake, na alipomuoa dada yangu Nzisa akahamia hapa Salama, maana wanunuzi wa wanyama wa mbao wako barabara ya Mombasa. Banda lake liko nyuma ya maduka: mabati juu, chini vumbi la mbao tupu. Yeye huchonga. Nzisa alikuwa akipiga msasa na kupaka rangi ya viatu mpaka mnyama ang'ae kama mtoto aliyepakwa mafuta. Miaka thelathini na nane walikaa hivyo, mmoja kwa kiti, mmoja kwa mkeka, wakigombana juu ya masikio ya sungura.

Wabishi wawili nyumba moja. Kuna mwaka mtu asiyemjua aliagiza fimbo yenye kichwa cha binadamu, Mbaluka akachonga. Baadaye fimbo ile ikaonekana kwa mganga huko Kitui. Wazee wa kanisa wakamwita atubu.

"Nitubu nini?" akauliza. "Mtu akinunua panga dukani akamkate jirani, mwenye duka naye atubu?"

Wakamtenga. Hakukaribia tena meza ya Bwana, jina likatolewa kitabuni, na kwetu aliyetengwa akifa kanisa halimziki: pasta haji, kwaya haiji, mnajifukia wenyewe. Nzisa hakuwa amechonga hata kijiko, lakini alisimama palepale mbele ya wazee akasema, kama mume wangu hali, hata mimi sili. Wakalitoa na lake. Miaka kumi na mmoja ikapita na hakuna aliyeomba msamaha, si wao, si wazee.

Kutengwa huko kulianza kuuma mwaka huu mwezi wa pili, Nzisa aliposhindwa kumeza ugali, kisha uji, kisha mate yake mwenyewe. Hospitali wakasema ni saratani ya koo, imeshaenda mbali, mrudisheni nyumbani. Alipofika akamwita mumewe karibu, maana sauti ilikuwa imebaki nyembamba kama uzi.

"Baba Mwau, sikuombi dawa. Usinizike kama mbwa. Nataka kwaya."

Mbaluka, ambaye hajawahi kuomba mtu kitu, akavaa koti akaenda kwa Pasta Mulei. Pasta ni mtu mzuri, lakini wazee ni saba na yeye ni mmoja. Akamwambia angoje.

Wakati huo kanisa lilikuwa na vita yake. Watoto walikuwa wakirudi kutoka sekondari na maswali. Mwalimu Nderitu, yule wa bayolojia, aliwafundisha kwamba viumbe hugeuka kidogo kidogo, kizazi kwa kizazi, na kwamba hata mtu hakuumbwa siku moja. Wazazi wakashikwa na hofu. Wazee wakamwita Evanson, kijana wa Sultan Hamud mwenye duka la simu, aliyesomea kutetea imani kwa hoja, aje afanye semina ya siku nzima.

Evanson alipopita Salama kuangalia uwanja akaingia bandani. Akamuona swala mmoja mdogo wa mwarobaini, shingo imegeuka anatazama nyuma kama aliyeitwa jina. Akamshika kwa mikono miwili.

"Mzee, huyu anaweza kujichonga mwenyewe?"

"Ajichonge na nini? Na kwato?"

Evanson akacheka sana. "Hilo tu ndilo nataka. Jumamosi usimame useme hivyo mbele ya watu: hakuna kinyago bila mchongaji. Na wewe ndiye mchongaji mwenyewe, nani atakubishia?"

Pasta Mulei akaipeleka habari hiyo kwa wazee. Wakakaa, wakakubaliana: Mbaluka akisimama amshuhudie Muumba mbele ya umati, tutahesabu ametubu. Jumapili inayofuata majina yote mawili yatarudi kitabuni. Mbaluka alipomletea Nzisa neno hilo, Nzisa alimshika mkono akauweka shavuni. Wiki nzima nilimsikia shemeji yangu akipiga tezo na kurudia, hakuna kinyago bila mchongaji, hakuna kinyago bila mchongaji, kama mtoto anayetumwa dukani akiogopa kusahau.

Jumamosi hema ilijaa. Tulimbeba Nzisa kwa kiti cha plastiki, mimi mguu huu na jirani mguu ule, tukamweka mbele. Evanson alisema vizuri, siwezi kudanganya. Alionyesha picha ukutani: jicho na nyuzi zake, na kijidudu kisichoonekana chenye mkia unaozunguka kama mota. Akauliza, mota ikikosa kipande kimoja itazunguka? Watu wakasema haitazunguka. Basi ilijiunga vipi kipande kwa kipande? Hata Mwalimu Nderitu, amekaa nyuma na wanafunzi wake, alikuwa akiandika.

Ndipo Mbaluka akaitwa. Akashika maikrofoni kama mtu anayeshika kuku wa mwenzake.

"Hakuna kinyago bila mchongaji," akasema.

Makofi! Vigelegele! Wazee wakaitikia kwa vichwa, mmoja akafuta macho. Angerudishwa kwa kiti chake hapo hapo, mimi leo singekuwa na kalamu mkononi. Lakini Evanson aliona moto umeshika, akataka kuongeza kuni. Akamwinua yule swala juu.

"Na mzee, waambie. Siku ile ulipougusa huu mti mara ya kwanza, ulikuwa tayari umemuona swala huyu akilini, kamili, na shingo yake hivi?"

Mbaluka alimtazama swala. Alimjua vizuri. Alikuwa ameanza kumchonga twiga, agizo la mtu wa Mombasa, na alipofika shingoni akakuta kifundo, mti ukapasuka. Alitaka kuutupa kuni. Nzisa ndiye aliyesema kutoka mkekani, "Wewe, fupisha hiyo shingo uigeuze nyuma, utaupita ufa." Pale hemani Mbaluka akamtazama Nzisa. Nzisa alikuwa akiitikia kwa kichwa polepole: sema ndiyo. Pasta Mulei midomo yake yenyewe ilikuwa ikisema ndiyo. Neno moja tu, halafu waende nyumbani. Amenieleza mwenyewe kwamba alilileta mpaka kwa meno, likakataa kupita, kama chakula cha Nzisa.

"Hapana," akasema. "Huyu alikuwa twiga."

Watu wakacheka. Evanson naye akacheka, akajaribu kumsaidia. "Mzee anasema alibadilisha mpango."

"Mpango gani? Ufa ndio ulibadilisha. Kwa banda letu twiga akivunjika shingo anakuwa swala. Swala akivunjika pembe anakuwa punda. Punda akivunjika masikio anakuwa kiboko. Kiboko hana la kuvunjika, ndiyo maana nina viboko wengi hivyo."

Hema ilipasuka kwa kicheko. Wanafunzi walisimama juu ya viti, simu zote juu, Mwalimu Nderitu anapiga makofi mpaka kitabu kimeanguka. Wazee walikuwa wameinamisha nyuso. Mbaluka aliendelea kusema, lakini kelele zilimmeza, na ile video yenu imekatwa kabla hajafika hapo. Mimi nilikuwa hatua tatu, nilisikia. Alisema hivi:

"Msicheke. Nyinyi mnasema Mungu anafanya kazi kama mimi. Mimi hukosea kila siku. Mnataka niseme Mungu naye hupasua shingo halafu atafute namna ya kuficha? Mimi simsemi Mungu hivyo. Tafuteni shahidi mwingine."

Nyumbani Nzisa alingoja mpaka majirani watoke.

"Ungesema ndiyo."

"Ingekuwa uongo, Mama Mwau."

"Uongo kwa nani? Ufa niliuona mimi. Shingo nilisema mimi. Huo uongo nilikuwa nimeshakusamehe kabla hujaufungulia mdomo, na ukaukataa. Wewe umejizika na heshima yako, mimi umeniacha nje."

Akageukia ukuta. Sauti iliyokuwa imebaki kidogo, akamnyima hiyo pia.

Jumatatu Mwalimu Nderitu alikuja bandani, uso unacheka. "Mzee, umefundisha kwa dakika mbili kitu nimefundisha muhula mzima. Njoo shuleni uwaelezee watoto."

"Mimi nilisema nimetoka kwa nyani?"

"Hapana, mzee, lakini ule mfano wa..."

"Mfano ni wa mbao! Mwalimu, mke wangu atafukiwa bila wimbo kwa sababu ya huo mfano. Chukua kiboko mmoja, mwoneshe watoto, na usirudi hapa."

Mwalimu akasema pole, sikujua, akaondoka bila kiboko.

Jumanne Pasta Mulei alikuja akakaa juu ya gogo, hakutaka hata chai. Wazee watano kati ya saba walikuwa wamekataa. Walisema Mbaluka amewapa wapinzani panga, na sasa vijana wanawaita wazee viboko.

Hapo ndipo ubishi wa miaka kumi na mmoja ulimwishia. Alienda Sultan Hamud mpaka kwa duka la Evanson, akasimama mbele ya kabati ya chaja.

"Kijana wangu, washa hiyo simu yako. Niulize tena lile swali. Nitasema ndiyo."

Evanson alifunga mlango kwanza. "Mzee, ulijua atakuwa swala?"

"Wewe niulize tu."

"Ile siku niliuliza kwa sababu sikujua. Leo najua."

"Mke wangu anakufa, Evanson."

"Najua, mzee. Sijala vizuri tangu Jumamosi. Lakini nikimtetea Mungu na neno najua si kweli, hapo natetea nani? Wewe mwenyewe ulikataa kumsingizia. Unataka mimi nifanye?"

Mzee wa miaka sitini na sita akapiga magoti juu ya simiti. Evanson naye akapiga magoti, anajaribu kumwinua, wote wawili wako chini, na mteja anagonga mlango akitaka kadi ya simu. Mbaluka anasema hajui walikaa pale muda gani. Anakumbuka tu kwamba alimchukia yule kijana kwa kuwa mkweli, na kwamba ni chuki ile ile Nzisa alikuwa nayo kwake.

Evanson alikuja Salama Jumatano kuwaomba wazee. Alisema kosa ni lake, yeye ndiye aliyeuliza swali bila kujua kazi ya mtu. Wakamwambia wewe ni mgeni, na semina imeisha.

Nzisa alikufa Alhamisi, saa nne asubuhi. Mbaluka alikuwa ameshika pamba yenye maji mdomoni mwake. Baadaye aliniuliza kama dada yangu aliniambia kitu juu yake, kitu chochote, wakati yeye ametoka. Ningeweza kumtengenezea neno zuri. Nilimwambia hakusema. Aliinama akakusanya maranda ya sakafuni na mikono, akayaweka pembeni, halafu akayakusanya tena.

Tangu jana anajaribu kuimba. Anasimama nyuma ya banda, anaanza, mstari wa pili sauti inakatika, anaanza tena. Kwaya imekatazwa. Wasichana wawili wa kwaya walikuja kunishika mkono wakilia, wakasema mama zao ni wake za wazee.

Sasa nyinyi mliotaka habari mmezipata, na mimi sikuandika bure. Nzisa anazikwa kesho Jumamosi saa tano. Ukifika Salama uliza banda la Mbaluka, usiulize kanisa. Hatutauliza kama umetengwa, wala kama unasema mtu alitoka kwa udongo ama kwa nyani. Kuja na wimbo unaoujua mpaka mwisho, na simu iache mfukoni. Mpaka sasa tumejihesabu wanne: Mbaluka anayekatika sauti, mimi niliyezeeka koo, Mwalimu Nderitu aliyetuma mtu kuuliza kama anaruhusiwa, na Evanson, ambaye nimemsikia akijaribu na Mungu amsaidie. Hiyo si kwaya. Mliotuma ile video, nyinyi ndio wa kwanza kuja. Na mnijibu leo kabla jua halijashuka mko wangapi, nijue viti nitaazima vingapi.