Waliohesabiwa kwa Madebe

Jumatatu, tarehe 4 Aprili 1932, Eliakimu alitia sahihi mkataba wa siku kumi na nane katika ofisi ya mji, Dar es Salaam. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, Mchaga wa Machame aliyesoma misheni. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye mabomba sita ya umma ya Kariakoo, siku tatu kila moja, na kuhesabu watu wanaokuja kuchota maji.

Sababu ya kuhesabu haikufichwa. Bei ya mkonge ilikuwa imeanguka, kodi haziingii, na fungu la maji la mwaka ule lingetosha mabomba manne tu. Mawili yangefungwa. Yapi, karatasi ya Eliakimu ndiyo ingesema. Maagizo yalikuwa mafupi: aanze saa kumi na mbili asubuhi bomba linapofunguliwa, aishie saa nne linapofungwa, na mtu mmoja asihesabiwe mara mbili.

Bomba la Mtaa wa Sikukuu lilikuwa la tatu katika orodha. Siku ya kwanza alipata watu ishirini na tisa. Siku ya pili, ishirini na saba. Hesabu hiyo ilikuwa ndogo kuliko zote alizopata mpaka hapo. Ila mita ya bomba lile, aliyoisoma kabla ya kuondoka, ilionyesha kwamba asubuhi moja zimepita galoni mia tisa na sitini. Debe moja la maji ni galoni nne. Kila mtu angechukua madebe mawili, jumla isingefika hata galoni mia mbili na hamsini.

Injinia wa maji wa mji hakuona ajabu. Bomba linavuja chini ya ardhi, alisema. Kuchimbua mtaa ni gharama, kulifunga ni bure. Sikukuu likawekwa alama ya kufungwa.

Eliakimu angeweza kuishia hapo. Lakini galoni mia saba hazipotei mchangani kila asubuhi bila kuacha dalili, na mchanga wa Sikukuu alikuwa ameukanyaga kwa viatu vyake vya turubai. Ulikuwa mkavu. Siku ya tatu alihamisha kiti chake kutoka kivulini, akakiweka karibu kabisa na bomba.

Pale penye bomba palikuwa na safu ya madebe iliyofika kona ya mtaa, na watu wachache. Mwanamke mmoja wa makamo, Saadiya binti Hamud, mpika vitumbua, alikuwa ameshika mmoja wa midomo miwili ya bomba. Alijaza debe, akalisogeza, akavuta jingine. Wachukuzi walikuja na mizega yao, miti ya kubebea begani, wakaning'iniza debe huku na debe huku, wakaondoka. Saadiya hakuondoka.

"Shikamoo, mama," alisema Eliakimu.

"Marahaba. Wewe ndiye karani wa kuhesabu vichwa?"

"Ndimi."

"Mimi umeshanihesabu leo?"

"Nimekuhesabu saa kumi na mbili na robo."

"Na tangu hapo mimi ni nani? Jini?"

Wanawake wawili waliokuwa upande wa pili walicheka mpaka mmoja akakaa chini.

"Madebe haya yote ni yako?"

"Yangu matano. Leo zamu yangu, najazia watu. Hili la kitambaa chekundu ni la Sitara. Hili lililobonyea la mke wa Leodegar. Lile la mkono wa waya la Zeina."

"Na wenyewe wako wapi?"

"Wako hapa, mwanangu. Huwaoni?" Saadiya alionyesha safu kwa kidevu. "Debe likishapangwa, mwenyewe yupo. Sitara yuko sokoni anauza samaki wake tangu alfajiri. Asimame hapa, samaki watamngoja?"

Wakati huo mwanamume mmoja alipenya na debe lake katikati ya safu.

"We bwana, umempita Sitara!" alifoka Saadiya.

"Sitara yuko wapi?"

"Umemkanyaga!"

Mwanamume aliangalia chini, akaondoa mguu wake juu ya kitambaa chekundu, akarudi nyuma.

Eliakimu alifungua ukurasa mpya. Kwa muda uliobaki aliuliza jina la mwenye kila debe, na kwa yale yaliyokwisha kuchukuliwa Saadiya alimtajia kutoka kichwani, bila kuacha kazi. Madebe yalikuwa mia mbili thelathini na manane. Galoni za mita, zikigawanywa kwa nne, zilisema mia mbili na arobaini. Wenye madebe walikuwa mia moja na kumi na mbili, hesabu iliyoshinda bomba lolote alilokuwa amepita.

Ofisini, karani mkuu Aristides aliirudisha karatasi.

"Hapa pana safu ya watu. Safu ya madebe sina."

"Yaandike kwenye watu, mzee."

"Debe lina jina?"

"Yote yana majina. Nimeyaandika nyuma."

Aristides aligeuza karatasi, akasoma majina kumi hivi, akakutana na jina la dada wa mkewe. Aliipeleka kwa injinia yeye mwenyewe.

Kesho yake injinia alifika Sikukuu, akaamuru midomo yote miwili ifungwe, akapiga magoti mbele ya mita kwa robo saa. Mshale haukusogea. Hapakuwa na mvujo. Alama ya kufungwa ikafutwa.

Pesa, hata hivyo, hazikuongezeka. Eliakimu alipomaliza mabomba yote sita, kamati ya mji ilichagua kufunga mawili mengine, yale yenye watu wachache kweli, na watu wa mabomba hayo wakaelekezwa Sikukuu. Ili mshahara wa mtunza bomba utoshe, muda wa kufungua pia ulipunguzwa kwa saa moja.

Kuanzia Jumatatu, tarehe 2 Mei, bomba la Sikukuu litafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa tatu. Wenye zamu watakuwa wawili, mmoja kila mdomo, na Saadiya ataanza.