Michirizi ya Karatasi kwenye Mabehewa Madogo

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa wembe, rula ya chuma na karatasi ya manila, ile ya kuandikia chati shuleni. Karakana ilikuwa Voi. Tulitengeneza mabehewa ya abiria ya maonyesho, yenye urefu wa mkono. Mwili ulikuwa wa mbao. Ngazi, fremu za madirisha na vibao vya kupitisha hewa tulivikata kwa manila, tukavipaka vanishi hadi vikawa vigumu kama bati.

Nilikuwa nimeacha shule darasa la saba. Wazazi walikuwa wamefariki, na wadogo zangu watatu walikuwa Rukanga, jirani akiwaangalia. Wajomba walishaamua: nisipomaliza majaribio na kuajiriwa rasmi kufikia mwisho wa mwezi, mmoja angepelekwa Njukini, mwingine Maungu, wa mwisho Taveta.

Wiki ya pili Msimamizi wa karakana alinipa michirizi, yaani kanda nyembamba zinazobandikwa juu ya milango kuzuia mvua. Kwa mazoea ya nyumbani sikutaka kipande kitupwe. Nilikata mingine kwa urefu wa karatasi, mingine kwa upana, ili kumaliza mabaki.

"Unabana karatasi kama unga wa ugali!" akanicheka Mama Mutua, mwenzangu mezani.

"Si imetosha behewa zima?"

Kesho yake nusu ya michirizi ilikuwa imejipinda na kubanduka. Mteja alikuwa anakuja Ijumaa, siku mbili tu baadaye. Msimamizi, mzee wa Kiislamu mwenye asili ya pwani, akavaa miwani.

"Nani kakata hii?"

Mama Mutua akainamia kazi yake. Ningenyamaza, lawama ingekuwa ya meza nzima.

"Ni mimi, Mzee."

"Chana manila hii. Haya, chana na upande wa pili."

Mara ya kwanza ilichanika ikanyooka. Mara ya pili ikaenda mshazari.

"Umeona? Karatasi ina nyuzi kama mbao. Ukanda ufuate nyuzi. Ukikingamana nazo, gundi huutanua, ukikauka hujikunja."

"Nitakata upya, Mzee. Yote."

"Hata iliyonyooka?"

"Siwezi kujua ni ipi itapinda kesho."

Akavua miwani. "Basi anza. Na usinibanie karatasi, mwanangu. Behewa likirudishwa, atakayebanwa ni mimi."

Ijumaa mteja alilichukua. Jumatatu Msimamizi aliniwekea mezani behewa tupu, akasema, "Hili lako, mpaka paa." Nikajua nimeajiriwa, nikampigia simu mjomba mkubwa: watoto wasihamishwe.

Baadaye nilihamishiwa meza ya paa, na mwishowe nikawa msimamizi mwenyewe. Nimestaafu kwa sababu ya macho. Mikono bado ingeweza. Wadogo zangu wana familia zao sasa. Tukikutana Rukanga hubishana kuhusu shamba, mbuzi, hata nani alivunja sufuria miaka ile, na mimi ndiye huitwa kuamua. Jirani huniuliza kama sichoki na kelele zile. Namwambia wanagombana kama watu waliolelewa nyumba moja.