Uyoga wa Jiwe Uliotunyima Choo

Nacheka sasa, lakini siku ile nililia, na kwaya nzima ya kanisa letu hapa Kizuka iliniona nikilia nimevaa imvutano mpya, vazi langu la sherehe, kwa hiyo hakuna cha kuficha tena, bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia kwa jirani yangu Mama Bella, maana yule akisimulia anatia chumvi mpaka mimi mwenye mkasa natamani kujua utaishaje.

Ilianzia kwenye shimo la choo. Choo chetu cha zamani kilikuwa kimejaa, basi Baba Neema (mume wangu huyo) akachagua pembe ya shamba, kati ya michikichi miwili, akaanza kuchimba na mimi napandisha udongo kwa beseni, na shimo lilipomfika juu ya magoti akanirushia kitu akasema, "Ona jiwe hili." Nikaona uyoga. Uyoga kabisa jamani, una kofia ya mviringo, una mguu mfupi mnene, na chini ya kofia iko mistari mistari kama ile ya uyoga wa kwenye vichuguu tunaochuma mvua zikianza, ila huu ni mgumu, mzito, umegandwa na udongo kila upande.

Hapo ndipo nilipoamua jambo dogo tu, kwamba Mabukwe asiuone.

Mabukwe ni mama mkwe wangu. Alikimbia mauaji kutoka shamba hili hili akiwa bibi harusi, hata mavuno ya kwanza hawajavuna katika nyumba aliyojengewa na mumewe, wakaenda Tanzania, wakazeekea kambini, na mzee akazikwa huko huko. Yeye aliporudi na sisi alikuta michikichi tu imeota kila mahali, nyumba hakuna, alama hakuna, na tangu hapo kila asubuhi anazunguka na fimbo yake akiuliza, "Jikoni kwangu kulikuwa wapi?" Na kila kinachotoka ardhini ni chake. Kigae chake, msumari wake, siku moja aliokota kizibo cha Fanta akakifunga kwenye pindo la kitenge chake. Mimi nilikuwa nimechoka, nasema ukweli. Nikauficha uyoga ndani ya ndoo ya unga.

Lakini mdomo wangu mnaujua. Jioni ile ile nikaupiga picha, nikaituma kwenye grupu la kwaya, na kesho yake akaja Prof, anayefundisha biolojia kwenye lise, shule yetu ya sekondari, na kutuimbia besi. Akaugeuza geuza, akavua miwani, akavaa tena.

"Usiuoshe, mama," akasema. "Inaweza kuwa uyoga wa zamani sana uliogeuka jiwe. Lakini uyoga unaoza haraka, ni nadra kubaki hivi. Peut-être. Inabidi wenye kujua kule Bujumbura wauangalie. Unanisikia? Peut-être."

Ile peut-être, yaani "labda" yake ya Kifaransa, sijui niliidondosha wapi. Kwa Mama Bella nilifika nayo nusu, sokoni Rumonge nilifika bila. Kabla wiki haijaisha uyoga wangu ulikuwa wa tangu kabla ya gharika ya Nuhu, na Jumapili mchungaji akasimama akatangaza kwamba Mungu ameikumbuka Kizuka, na baada ya ibada sote tupite kwa Mama Neema tukaone.

Ningeweza kusema hapana. Badala yake niliazima viti vya kanisa, nikakaanga ndagala, dagaa wetu wa ziwani, sinia mbili, nikatandika kitambaa cheupe mezani (kile cha harusi yangu, mjue), nikauweka uyoga katikati na maua pembeni. Mabukwe nilikuwa nimemwambia aende akapumzike kwa Mama Bella. Nilichosahau ni kwamba Mama Bella hawezi kukosa shughuli kama ile, kwa hiyo alimwacha bibi wa watu peke yake akaja kukaa kiti cha mbele.

Kwaya ikaimba. Nikasimama, nikakohoa kama mkubwa wa serikali, nikasema uyoga huu una miaka milioni (milioni ngapi sikusema, nilipunga mkono tu), na nilikuwa ndiyo kwanza nanogewa nikasikia fimbo, tok, tok, kwenye njia.

Mabukwe akasimama uani kwake, akaona viti, kwaya, kitambaa cheupe na maua.

"Amekufa nani?" akauliza.

Watu wakajizuia kucheka. Yeye akasogea mezani, akainama, kisha akasema polepole, "Eh. Kizibo changu."

Nikamshika mkono. "Mabukwe, tafadhali, twende ndani. Huu ni uyoga wa kale."

"Niache, mutoto wangu. Ni kizibo cha mutungi wa mawese. Nilikifinyanga mwenyewe nikiwa mugeni hapa, nikakichoma, na hii mistari niliikwaruza kwa kucha nipate urembo. Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, 'Nilikuomba kizibo, wewe umeniletea uyoga!'" Akakigonga kwa kidole. "Chini ya mguu iko matundu matatu. Nilitoboa na mwiba wa muchikichi kuwa alama yangu, wifi zangu wasikichukue."

Prof akaniangalia. Nikamwangalia. Akatoa kalamu, akaanza kukwangua udongo kwenye mguu wa uyoga wangu wa miaka milioni, na tundu la kwanza likatokea, na la pili, na mimi kabla ya la tatu nikapaza sauti, "Jamani, ndagala zinapoa!"

Hakuna aliyekula. Walicheka, ndugu zangu, walicheka mpaka viti vikalia, na kijana mmoja anayeimba sauti ya tena akapiga kelele, "Mama Neema, milioni ngapi?" Mchungaji akajifanya anatafuta leso. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Prof, kwa upole wake, akaninong'oneza, "Nilisema peut-être, mama."

Mabukwe peke yake hakucheka. Alikuwa amekikumbatia kizibo kifuani. "Mulikitoa wapi?" akauliza, na kicheko kikakatika chote.

Baba Neema akaangalia viatu vyake. Ikabidi niseme mimi. "Kule, Mabukwe. Kwenye shimo la... la choo."

Tulimwongoza, kwaya nzima nyuma yetu na sare zake. Akasimama ukingoni, akachungulia, na sisi ndiyo tukaona kitu ambacho siku zote hatukukiangalia, kwamba ukutani mwa shimo uko mstari mweusi wa majivu, na jiwe la mafiga limechomoza, limeungua upande mmoja.

"Jikoni kwangu," akasema. "Munachimba choo jikoni kwangu."

Hapo ndipo nilipolia. Nilipiga magoti kwenye udongo na imvutano yangu, nikamwambia yote, ndoo ya unga, picha, kwa nini nilimpeleka kwa Mama Bella. Nikamwambia nimemwonea aibu mbele za watu, na aibu ilikuwa yangu.

Akaniwekea mkono kichwani. "Simama, mwanangu, unachafua nguo. Mimi nimezunguka mpaka miguu imechoka. Musingechimba, ningekufa nazunguka."

Shimo lilifukiwa jioni ile ile, Prof akiwa na jembe na tai yake shingoni. Sasa pale iko paa la bati na mafiga matatu, na Mabukwe anapika hapo maharage yake, hazunguki tena. Kizibo anakiweka juu ya bidoni, dumu la plastiki la mawese, hakitoshi hata kidogo, mafuta yanamwagika kila siku, na mimi nafuta bila kusema neno. Na nimeapa, kitu kikitoka ardhini, hata kama ni kizibo cha Fanta, kitapita kwanza mikononi mwake.

Choo hatujachimba kingine. Kila nikishika mahali naogopa nitakuta chumba cha kulala. Tunaomba choo kwa Mama Bella, na kila asubuhi nikipita na kopo langu la maji ananiuliza kwa sauti ili njia nzima isikie, "Mama Neema, uyoga haujambo?"

Namjibu, "Haujambo. Uko jikoni kwake."