Sahani Yangu na Kidude cha Kifuani

Nilipoanguka mara ya tatu, pale kwenye karasha la kusaga mawe ya dhahabu huko Geita, bosi alinipakia kwenye basi akanirudisha kwa kaka yangu, kijijini Samuye. Kaka alitoa hukumu kabla sijavua viatu: kifafa. Kwetu wanaume tunakula sahani moja, uwanjani, na watu wanaamini mate ya mwenye kifafa yanaambukiza. Siku hiyohiyo shemeji akaniletea sahani yangu peke yangu, ya plastiki, ya bluu, na kikombe chake.

Nililia? Wapi! Nilikula. Ugali ni ugali.

Vipimo vya kichwa havikuonyesha kitu. Kwenye hospitali kubwa daktari akasema huenda ni moyo, ila moyo wenyewe mjanja, kila akiupima unapiga vizuri. Akanichana kidogo kifuani, upande wa kushoto, akapachika chini ya ngozi kidude kama betri ya rimoti. Kazi yake kuusikiliza moyo usiku na mchana, mpaka siku nitakayoanguka tena. "Ukizinduka, bonyeza hiki," akasema, akinipa kingine cha mkononi.

Basi nikakaa nasubiri kuanguka. Niliomba nianguke, Mungu anisamehe. Miezi minne, hola! Mzima kama ng'ombe dume. Nakula peke yangu, nawasikia wenzangu wanacheka kwenye sahani yao. Mwanzoni iliniuma sana. Baadaye ikaacha kuuma, na hilo ndilo lililonitisha kidogo.

Nilianguka zizini, asubuhi, nimeshika ndoo ya maziwa. Nikazinduka, nikabonyeza. Hospitalini daktari alikisoma kidude: moyo ulisimama sekunde nane. Si kifafa. Nitawekewa betri ya kuusaidia kupiga. Kaka alikuwepo, akasikia kwa masikio yake mwenyewe, akaniomba radhi palepale.

Tuliporudi nyumbani alinishika mkono. "Mdogo wangu, njoo ule na sisi. Yameisha." Nikanawa, nikakaa kati yake na wanawe, nikamega tonge, nikachovya kwenye mlenda.

Mikono mingine yote ikasimama.

"Kuleni bwana, mnaangalia nini?" kaka akawafokea. Mkono wake mwenyewe ulikuwa umelala gotini.

Nikamaliza tonge langu. Kisha nikainuka, nikaingia ndani kuchukua sahani yangu ya bluu.